Mipira ya ngozi inayoshonwa Nairobi tangu mwaka 2004

Katika viwanja vingi vya Unguja, hasa vile vya vijijini ambako mawe ya matumbawe hujitokeza juu ya ardhi, mpira wa bei rahisi haudumu. Ukishapasuka, watoto hurudi kwenye chandimu, yaani mpira wa matambara na kamba. Tatizo hilo haliko Zanzibar pekee, na ndilo lililozaa kiwanda kidogo cha mipira jijini Nairobi, nchini Kenya.

Kiwanda hicho, Alive and Kicking, kilianzishwa mwaka 2004 na Jim Cogan, Mwingereza aliyekuwa mwalimu. Alikusudia watoto wapate mipira inayostahimili viwanja vigumu, na watu wazima wapate ajira kwa kuishona. Cogan alifariki dunia mwaka 2007, mwaka ambao kazi hiyo ilianza pia nchini Zambia. Ghana ilifuata mwaka 2012. Mipira hiyo huandikwa ujumbe wa afya kuhusu UKIMWI na malaria, hivyo kocha huwa na somo mkononi kabla ya mchezo kuanza.

Mpira wa kawaida wa kandanda una vipande 32: 12 vya pembe tano na 20 vya pembe sita. Fundi huvishona kwa sindano na uzi uliopakwa nta, mpira ukiwa umegeuzwa ndani nje. Kisha huugeuza, akaziba mshono wa mwisho kwa namna ambayo fundo halionekani. Hapo ndipo ustadi wa fundi hujulikana. Mpira wa aina hiyo ukiharibika hufumuliwa, kifuko cha upepo kikabadilishwa, ukarudi uwanjani.

Ugumu uko kwenye bei. Mji wa Sialkot nchini Pakistan umeshika soko la dunia la mipira ya kushonwa kwa mkono kwa miongo mingi. Mwaka 1997 wenye viwanda huko walitia saini makubaliano ya kuondoa watoto katika ushonaji. Kiwanda kidogo cha Afrika Mashariki, chenye kulipa watu wazima ujira halali, hakiwezi kushindana kwa bei pekee. Ndiyo maana wanunuzi wake wakubwa si wenye maduka, bali mashirika na wafadhili wanaoipeleka mipira hiyo mashuleni.