Mawakala wa Biashara, Tangu Misafara ya Ugogo

Wenye kitabu mkononi, fuateni kwa kidole ninaposoma. Msio na kitabu, sikilizeni tu.

Somo letu la leo ni la historia. Nalo ni historia ya jambo ambalo kila mmoja wenu amekwisha kuliona: mtu kuuza mali isiyo yake, akapata fungu lake kwa kazi hiyo. Mtu huyo twamwita wakala, au dalali. Fungu lake twaliita kamisheni.

Mama mmoja wa darasa la jioni aliniuliza juma lililopita: “Mwalimu, binti yangu amealikwa katika kundi la simu. Wanasema awe wakala wao. Nitajuaje kama ni kazi au ni wizi?” Sikumjibu siku ile. Leo nitamjibu, lakini kwa njia ndefu, maana njia yenyewe inapita hapa hapa kwetu.

Turudi nyuma miaka mia moja na hamsini. Reli haipo. Gari halipo. Punda walikuwapo, lakini wengi walikufa njiani. Basi mali yote iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji ilichukuliwa na watu, begani na kichwani. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Humo mlikuwa na nguo za merikani zilizotoka Marekani, na kaniki kutoka Bara Hindi, na shanga, na nyaya za shaba. Kutoka bara zilirudi pembe za ndovu. Tusifiche pia kwamba katika misafara hiyo walikuwamo watu waliouzwa kama mali.

Misafara ilipita jangwa la Marenga Mkali, ambalo maji yake ni machache na ya chumvi, ndipo ikaingia Ugogo. Hapa watemi wa Wagogo walitoza ushuru wa nguo na shanga kabla ya kuruhusu watu kunywa maji na kupita. Ushuru huo uliitwa hongo. Siku hizi neno hilo lina maana nyingine, mnaijua, lakini wakati ule hongo ilikuwa haki ya mwenye nchi, na ilitozwa hadharani.

Sasa jiulizeni: mali ile ya msafara ilikuwa ya nani? Wengi hudhani ilikuwa ya yule mfanyabiashara aliyetembea nayo. Mara nyingi haikuwa yake. Ilikuwa ya tajiri aliyekaa Unguja, kivulini, na daftari lake. Taria Topan, Mhindi wa Unguja aliyefariki mwaka 1891, alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyemkopesha mali Hamed bin Muhammed, yule mnayemjua kwa jina la Tippu Tip. Tajiri alitoa nguo na shanga kwa kauli tu. Msafiri akazichukua bara, akanunua pembe, akarudi kulipa. Sisi tunalo neno zuri kwa biashara ya namna hii: mali kauli. Kilichowekwa rehani ni neno la mtu.

Lakini neno la mtu usiyemjua lina thamani gani? Hapo ndipo barua na maneno ya barazani yalipofanya kazi. Mwaka 1871 Stanley, mwandishi wa gazeti la Marekani, alifika Bagamoyo kwenda kumtafuta Livingstone. Alihitaji wapagazi wengi, naye alikuwa mgeni asiyemjua mtu. Msaada ulipatikana kwa barua ya Taria Topan, iliyomsifu kijana mmoja wa Bagamoyo kuwa ndiye hodari kuliko wote kwa kupata wapagazi. Wanahistoria wengi wanamtambua kijana huyo kuwa ni Sewa Haji Paroo. Stanley aliandika baadaye kwa uchungu kuwa kijana alimdanganya siku baada ya siku katika hesabu za nguo. Labda ni kweli. Lakini wapagazi walipatikana, na misafara mitano ya Stanley iliondoka Bagamoyo kati ya Februari na Machi mwaka ule. Wazungu wengi waliokuja baadaye walikwenda kwa Sewa Haji yule yule. Wakazi wa Dar es Salaam hata leo hulitaja jina lake wanapompeleka mgonjwa Muhimbili, katika jengo la Sewahaji.

Sewa Haji alikuwa na mtumishi wake, Allidina Visram, aliyevuka bahari kutoka Kutch mwaka 1863 akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Allidina alipanua kazi. Alifungua maduka Dar es Salaam, Sadani, Tinde na Ujiji, kisha Uganda na kando ya reli ya kule. Angewezaje kuuza mahali pote hapo peke yake? Alitafuta vijana. Hakuwatafuta kwa tangazo ukutani. Habari zilipita kwa jamaa, kwa barua zilizokwenda Kutch, na jamatkhana watu walipokutana kusali. Kijana alipewa mali kwa kauli, akaenda kukaa dukani mbali na wenziwe. Wengi wao baadaye walifungua maduka yao wenyewe. Allidina alifariki mwaka 1916.

Je, hasara ilimwangukia nani? Ndugu zangu, hapa tusimame kidogo. Faida ilipopatikana, iligawanywa kuanzia juu. Hasara ilianzia chini. Mpagazi aliyeugua njiani aliachwa, na ujira wake ukapotea. Mfanyabiashara aliyeibiwa mali alibaki na deni lote. Ndiyo sababu baadhi ya Waarabu walikaa Tabora mpaka kufa, wakiogopa kurudi pwani kwa wadai wao. Mimi naona jambo hilo ni kubwa kuliko yote ya somo hili.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, Kigoma mwaka 1914. Kazi ya wapagazi ikaisha. Kazi ya mawakala haikuisha. Nendeni mnada wa Msalato Jumamosi mkamtazame dalali wa ng'ombe: hana ng'ombe hata mmoja, lakini anawajua wauzaji na wanunuzi. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia Tanzania, na mawakala wake wakaenea hata vijijini. Mwaka 1996, kule Marekani, duka la vitabu la Amazon lilianza kumlipa kamisheni kila mwenye ukurasa wake katika intaneti aliyemletea mnunuzi. Leo vijana wetu hufanya vivyo hivyo kwa simu, nalo kundi la simu limekuwa ndilo baraza.

Basi nimjibu mama yule. Wakala wa kweli analipwa kwa sababu mali imeuzwa kwa mtu anayeitaka. Iwapo binti anaambiwa atoe fedha kwanza, halafu alipwe kwa kuleta watu wengine watakaotoa fedha, hapo hakuna mali. Huo ni upatu wa udanganyifu, na Kanuni ya Adhabu inaukataza. Mpango wa DECI ulikuwa wa namna hiyo. Ulisimamishwa mwaka 2009, na mwaka 2013 baadhi ya viongozi wake walitiwa hatiani mahakamani. Watu walioingia waliitwa na watu waliowaamini: jirani, ndugu, mwenzi wa ibada. Nami sisemi kwa kuwacheka. Miaka michache iliyopita rafiki niliyesoma naye aliniingiza katika mpango mmoja, nami nikatoa shilingi 60,000. Nilikuwa na diploma yangu mfukoni. Fedha hazikurudi, na rafiki yangu naye alipoteza zake.

Sasa chukueni kalamu kwa zoezi. Mama mmoja amepewa doti 12 za khanga kwa mali kauli. Bei ya kila doti ni shilingi 14,000, na kamisheni yake ni shilingi 2,000 kwa kila doti aliyouza. Ameuza doti 9, amerudisha 2, na moja imeliwa na panya. Kamisheni yake ni shilingi ngapi? Na ile ya panya, mwenye mali anataka alipwe. Alipe nani? Jadilini darasani, kisha msimamizi aandike majibu ubaoni.