Liz Mills

Liz Mills ni kocha wa mpira wa kikapu kutoka Australia, mwanamke wa kwanza kuiongoza timu ya taifa ya wanaume katika AfroBasket, mashindano ya ubingwa wa Afrika. Kabla ya hapo alifundisha Zambia na kuwa kocha msaidizi wa Cameroon. Sifa yake kubwa ilitokana na kuifundisha Kenya. Februari 2021, mjini Yaoundé, Morans, timu ya taifa ya Kenya, waliilaza Angola, bingwa wa Afrika mara 11, kwa pointi 74–73: Tylor Ongwae aliruka, akarusha, mpira ukaingia king'ora cha mwisho kikilia. Kenya ikafuzu kwa AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993. Katika mashindano hayo, mjini Kigali, iliishinda Mali, kisha ikatolewa na Sudan Kusini. Mwaka 2022 aliifundisha AS Salé ya Morocco.