Kidhibiti joto cha tanuri dogo la udongo: vifaa na tahadhari

Je, unachoma vikombe au shanga za udongo kwenye tanuri dogo la umeme na vinapasuka kabla havijaiva? Mara nyingi tatizo ni joto kupanda haraka. Kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, maji yaliyobaki ndani ya udongo hugeuka mvuke na kuvunja chombo. Karibu na nyuzi 573, chembe za kwatzi hupanuka ghafla. Kidhibiti joto hukusaidia kupita hapo polepole.

Unahitaji nini?

- Themokapo aina ya K, yaani kipima joto cha waya mbili, kinachoingizwa ndani ya tanuri.
- Kidhibiti cha PID kinachoweza kupandisha joto kwa hatua.
- Rilei ya elektroniki (SSR). Tanuri la wati 2,000 kwa volti 240 huvuta zaidi ya ampea 8. Chagua rilei ya ampea 25 na uifunge kwenye alumini ya kupozea.
- Kontakta, fyuzi, swichi kuu na sanduku la chuma lenye waya wa ethi.

Kinafanyaje kazi?

Themokapo hupima joto. Kidhibiti hulinganisha na kiwango ulichoweka, kisha huiamuru rilei kuwasha au kuzima koili.

Kwa vyombo vilivyokauka vizuri, panda nyuzi 60 kwa saa hadi 120 na usubiri saa moja. Endelea kwa nyuzi 100 kwa saa hadi 600, kisha 150 kwa saa hadi 950.

Jihadhari

Rilei ikiharibika, mara nyingi hubaki imewaka. Ndiyo maana kontakta ni lazima: iunganishe na kengele ya kidhibiti ili ikate umeme joto likizidi. Themokapo ikichomoka, kidhibiti hudhani tanuri ni baridi na huendelea kuchoma. Kwa hiyo usiliache tanuri peke yake, na watoto wakae mbali.

Sola ndogo ya nyumbani haitoshi: koili zikiwaka saa 8 mfululizo, tanuri hilo hula yuniti 16. Usiunganishe kwenye waya wa jirani. Chomoa plagi kabla ya kugusa koili, na kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mwite fundi umeme mwenye leseni akague kila kiungo.