Pamiti na Usukani: Namna Watu Wazima Walivyojifunza Kuendesha Gari Uganda

Historia ya gari nchini Uganda huandikwa mara nyingi kama historia ya barabara, pamba na wenye mali. Insha hii inauliza swali dogo zaidi: mtu mzima alijifunzaje kuendesha, na ni nani aliyethibitisha kwamba anajua? Nililianza swali hili nikiwa na umri wa miaka 34, nilipojiandikisha katika shule moja ya udereva huko Bwaise. Kaka yangu, aliyekuwa dereva wetu wa pekee, alikuwa amepata kazi ya lori la Juba, na gari dogo ambalo mama hubebea mboga kwenda soko la Kalerwe lilibaki bila mtu wa kuliendesha. Hoja yangu ni kwamba katika nchi yetu ujuzi wa kuendesha ulitangulia karatasi, na mpaka leo vitu hivyo viwili havijaoana sawasawa. Karatasi hiyo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita leseni. Sisi tunaiita pamiti.

Bwaise ni mahali pazuri pa kuanzia. Iko bondeni, kaskazini-magharibi mwa katikati ya jiji, ambako maji ya mfereji wa Nsooba huteremka kuelekea kinamasi cha Lubigi. Mvua ikinyesha sana, barabara na mtaro huwa kitu kimoja. Eneo hili liliingizwa rasmi jijini mwaka 1968, mipaka ya Kampala ilipopanuliwa. Katikati yake inapita barabara ya Bombo, ambayo huendelea hadi Gulu na mpaka wa Sudan Kusini. Mwaka 2009 ilifunguliwa Northern Bypass, yenye urefu wa kilomita 21, nayo inakutana na barabara ya Bombo papo hapo Bwaise. Kwa hiyo mwanafunzi wa Bwaise hujifunza katikati ya malori ya masafa marefu, teksi, bodaboda, mikokoteni na watoto wanaovuka kwenda shule.

Jina la barabara hiyo linatupeleka kwenye shule ya kwanza ya udereva, yaani jeshi. Bombo ilikuwa makao ya kikosi cha Uganda cha King's African Rifles. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, mizigo ya jeshi la Waingereza Afrika Mashariki ilibebwa zaidi na vichwa na mabega ya wapagazi. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, ni kumbukumbu ya kikosi chao. Katika Vita vya Pili hali ilikuwa tofauti. Makumi ya maelfu ya Waganda, Waacholi, Walango, Wateso na wengine waliandikishwa, na baadhi yao wakawekwa kwenye vikosi vya uchukuzi vilivyoendesha malori Ethiopia na hata Burma. Walikuwa watu wazima waliojifunza gia na klachi kwa amri, na lugha ya amri hiyo mara nyingi ilikuwa Kiswahili.

Sisi wanafunzi wa lugha tunaweza kuisoma historia hii katika msamiati. Neno gari limetoka Bara Hindi, nalo lilitumika kwa mkokoteni na kwa gari la moshi kabla ya motokaa kuenea. Usukani ni neno lenye asili ya Kiarabu, na kabla ya kuwa gurudumu mikononi mwa dereva lilikuwa la chombo cha baharini. Dereva, breki, gia, tairi na honi yametoka Kiingereza. Waganda nao wana emmotoka na ddereeva. Ukikaa ndani ya gari moja unazungukwa na maneno ya nahodha wa pwani, fundi wa Kihindi na sajenti wa Kiingereza. Hata hivyo kuna neno jingine linalonisumbua zaidi, nalo ni taniboi.

Taniboi ndiye msaidizi wa dereva wa lori, ambaye Watanzania humwita utingo. Sehemu ya mwisho ya neno hilo ni neno la Kiingereza la mtoto wa kiume, ambalo wakoloni walimwitia hata mtumishi mwenye mvi. Lakini kazi hiyo ndiyo iliyokuwa shule ya pili ya udereva, na naamini ilifundisha wengi kuliko jeshi. Taniboi alifunga mizigo, akaweka jiwe nyuma ya tairi mlimani, akabadilisha gurudumu, akaosha lori usiku. Baada ya miaka kadhaa dereva alimwachia usukani kidogo kwenye barabara tupu. Hakuna aliyempa cheti siku hiyo. Aliyempima alikuwa dereva wake, na kipimo kilikuwa kwamba lori na mizigo vimefika.

Ujuzi huo uliwapa watu hadhi na pia nguvu. Chama cha madereva Waafrika kilichoongozwa na James Kivu, kilichoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930, ni miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya wafanyakazi nchini. Si ajabu kwamba madereva walitangulia. Dereva alikuwa mfanyakazi aliyeufikia kila mji, akibeba habari pamoja na mizigo, na si rahisi kumpata wa kuchukua nafasi yake kesho yake asubuhi.

Mtu anaweza kudhani kwamba Waingereza walikuja na mtihani wa udereva tayari mfukoni. Haikuwa hivyo. Kwao leseni ilianza na sheria ya 1903, na mtu aliipata kwa kulipa ada tu, bila kupimwa. Mwaka 1934, mwaka ambao watu zaidi ya 7,000 walikufa katika barabara za Uingereza, Bunge lilipitisha sheria ya mtihani, nao ukawa wa lazima kuanzia Juni 1935. Waliokuwa wakiendesha kabla ya Aprili 1934 walisamehewa. Kwa hiyo hata huko, kwa miaka zaidi ya 30, karatasi ilithibitisha malipo, haikuthibitisha ujuzi. Mtihani ulikuja baada ya makaburi.

Baada ya uhuru, mambo mawili yalibadilisha sura ya dereva wetu. La kwanza ni mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Biashara za uchukuzi na karakana zilibadilisha mikono kwa haraka, vipuri vikaadimika, na neno la Kiswahili magendo likaingia katika kila lugha ya Uganda. La pili ni kuingia kwa wingi kwa magari yaliyotumika kutoka Japani kuanzia miaka ya 1990. Kwa kuwa Wajapani nao huendesha upande wa kushoto, magari hayo yalitufaa bila kubadilishwa. Gari likawa kitu ambacho mwalimu, muuguzi au muuza mboga angeweza kukitamani. Hawa hawakuwahi kuwa taniboi wala askari. Ndipo shule ya tatu, ile ya kulipia, ilipopata wateja.

Mwalimu wangu alikuwa mzee aliyeanza kama taniboi wa malori ya kahawa. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla foleni haijafunga makutano. Nilimwita ssebo, naye aliniita nyabo ingawa angeweza kunizaa. Vitabu vya alama za barabarani alivigawa, lakini hakuvifundisha sana. "Sikiliza injini, nyabo," alisema kila nilipotazama chini kutafuta gia. Nilipoteremka kazini kwake siku ya mwisho, nilijua kuondoa gari mlimani lisirudi nyuma, jambo ambalo Kampala yenye vilima hulidai kila siku. Niligundua kwamba nililipia shule ya tatu lakini nilifundishwa kwa njia ya shule ya pili.

Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998 humtaka mwanafunzi awe na pamiti ya muda, kisha apimwe kabla ya kupewa pamiti kamili. Afisa aliyenipima aliuliza maswali ya alama kwa Kiingereza. Gari lilipoanza kwenda, alihamia Kiswahili: rudi nyuma, simama, twende. Nilifaulu. Wenzangu wawili tulioanza pamoja hawakufika siku ile. Walikuwa wameshapata pamiti zao kwa njia ambayo hawakupenda kuieleza, na mmoja wao alikuwa hajawahi kuingiza gia ya tatu.

Wapo watakaosema huo ni ufisadi tu, na hakuna historia ndani yake. Nakubali kwamba ni ufisadi, lakini napinga neno "tu". Kwa vizazi viwili au vitatu, waliojua kuendesha hawakuhitaji karatasi kuthibitisha ujuzi wao, na karatasi ilikuwa jambo la serikali na ada. Anayenunua pamiti leo anarithi nusu moja ya mazoea hayo bila ile nyingine. Taniboi alikosa cheti lakini alikuwa na miaka ya mafunzo. Huyu ana cheti na hana hata mwezi. Tena kipimo cha zamani kilimtegemea dereva mmoja mwenye lori. Dereva wa leo anapimwa kwa niaba ya watoto wa Bwaise wanaovuka barabara, ambao hawamjui.

Kaka yangu hunikumbusha kwamba akiingia Sudan Kusini huhamia upande wa kulia wa barabara. Pamiti mfukoni mwake haibadiliki mpakani. Macho na mikono yake ndivyo vinavyobadilika. Mtihani wa udereva utaheshimiwa Uganda siku utakapopima hivyo vya pili, kwa ukali uleule ambao wazee wa malori waliupima mzigo kwa kufika kwake.