Lango na Kivutio: Kufungwa kwa Mpaka wa Tanzania na Kenya, 1977–1983, na Uamuzi wa Mtalii

Tafiti nyingi za utalii hueleza uamuzi wa msafiri kwa kuanzia na msafiri mwenyewe: kipato chake, umri wake, haja zake, na sifa za mahali anapokusudia kwenda. Mtazamo huo una manufaa, lakini hautoshi kueleza yaliyotokea baada ya Februari 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya. Nyumbu waliendelea na mzunguko wao, na Kreta ya Ngorongoro haikupungua uzuri. Hata hivyo, wageni waliadimika. Insha hii inajenga hoja kwamba njia ya kufikia kivutio ilitangulia kivutio chenyewe katika kuamua mtalii aende wapi, na kwamba aliyeshika lango ndiye aliyepata fungu nono la matumizi yake.

Kabla ya mwaka 1977, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1967, ziliuzwa ng'ambo kama eneo moja la safari. Mgeni kutoka Ulaya Magharibi au Marekani kwa kawaida alitua Nairobi, yalikokuwa makao ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki na ya kampuni nyingi za kusafirisha watalii. Kutoka hapo alipitishwa Namanga, akafika Arusha, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha aliweza kutokea Bologonja na kuingia Maasai Mara akirejea Nairobi. Wengi walikuwa wamelipia safari nzima kwa mkupuo kabla ya kuondoka kwao. Kwa hiyo, mgawanyo wa fedha ulikwisha kuamuliwa kabla mgeni hajamwona simba hata mmoja. Tanzania ilipata viingilio vya hifadhi, malazi ya siku chache na mauzo ya vinyago. Kenya ilipata ukodishaji wa magari, malazi ya mwanzo na ya mwisho wa safari, na mara nyingi mapumziko ya pwani ya Mombasa.

Viongozi wa Tanzania waliliona tatizo hilo. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa mwaka 1971 ili wageni watue karibu na hifadhi za kaskazini, na Shirika la Utalii la Tanzania likajenga hoteli za umma. Wakati huohuo, uhalali wa utalii katika nchi ya Ujamaa ulijadiliwa kwa ukali katika gazeti la The Standard mwaka 1970, na michango ya mjadala huo ikakusanywa na Issa Shivji katika kitabu kilichotoka mwaka 1973. Suala kuu lilikuwa utu wa taifa linalohudumia wageni na utegemezi wa mitaji ya nje. Utegemezi wa njia, hata hivyo, uliendelea kujengwa ndani ya mipango yenyewe. Hoteli ya Lobo, kaskazini mwa Serengeti, ilikuwa mali ya Watanzania, lakini ilikaa jirani na barabara iliyowaleta wageni kutoka Mara.

Mapema mwaka 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilisambaratika na Kenya ikaanzisha shirika lake. Tanzania ikafunga mpaka na kuzuia magari na ndege ndogo za kampuni za Kenya zilizokuwa nchini. Matumaini yalikuwa kwamba, kwa kuwa vivutio ni vya Tanzania, wageni wangevifuata kupitia Kilimanjaro. Lakini wauzaji wa safari walichukua hatua iliyokuwa nyepesi zaidi kwao: waliiondoa Tanzania katika ratiba na kuongeza siku za Mara, Amboseli, Nakuru na Samburu. Maasai Mara ina takribani kilomita za mraba 1,500, ilhali Serengeti ina zaidi ya 14,000. Lakini nyumbu ni walewale. Mteja wa London au Frankfurt aliyetaka kuwaona hakuhisi kwamba amepunguziwa kitu.

Haitakuwa sahihi kuutwika mpaka lawama yote. Vita vya Kagera vya 1978–1979, kupanda kwa bei ya mafuta na uhaba wa fedha za kigeni viliziacha hoteli bila vipuri na magari bila petroli. Thamani rasmi ya shilingi nayo ilikuwa juu mno, hivyo huduma duni zikaonekana ghali machoni pa mgeni. Hata hivyo, bei ya mafuta iliiumiza Kenya pia, na utalii wake haukuporomoka kwa kiwango hicho. Tofauti hiyo ndiyo inayoupa mpaka uzito katika maelezo haya.

Gharama haikuishia kwenye mapato. Bajeti za hifadhi zilipopungua, doria nazo zilipungua. Kaskazini mwa Serengeti ujangili ulipamba moto. Nyati walipungua kwa kiasi kikubwa, na faru weusi walikaribia kutoweka kabisa. Viingilio vya wageni, ambavyo wakosoaji wa utalii waliviona kama makombo, vilikuwa vimesaidia kugharamia ulinzi wa urithi wenyewe.

Mpaka ulifunguliwa mwaka 1983, na mwaka 1985 nchi hizo mbili zikaingia mkataba wa utalii. Njia ya Bologonja, hata hivyo, haikurudishiwa nafasi yake ya awali katika misafara ya watalii. Tanzania ilitaka mgeni alale na kutumia fedha upande wake. Mgogoro uleule ulizuka tena Desemba 2014, Kenya ilipoyazuia magari ya watalii ya Tanzania kuingia uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Machi 2015 Tanzania ilijibu kwa kupunguza safari za Kenya Airways kutoka 42 hadi 14 kwa wiki, kabla ya pande zote mbili kulegeza. Katika tukio hilo pia, ugomvi ulihusu haki ya kumpokea mgeni na kumsafirisha.

Historia hii ina maana kwa mbinu za utafiti. Hojaji inayotolewa kwenye lango la hifadhi humhoji mtu aliyekwisha kuchagua na, mara nyingi, aliyekwisha kulipa. Wale ambao njia yao ilibadilishwa na wakala kabla hawajapanda ndege hawamo katika sampuli, ilhali katika kipindi cha 1977–1983 hao ndio waliobeba maelezo ya anguko lote. Mtafiti wa matumizi ya watalii anapaswa, kwa hiyo, kuanza na ratiba za wauzaji wa safari, mikataba ya usafiri na mahali malipo yanapofanyika, ndipo ageukie kuridhika kwa mgeni.