Dalali na dalili

Dalali ni neno la Kiarabu, lenye mzizi mmoja na dalili: kuonyesha. Kamusi humtaja kama mnadi wa mnadani. Lakini Dodoma, hasa tangu Serikali itangaze kuhamia huko mwaka 2016, dalali ni kijana wa bodaboda anayekuzungusha Ilazo, Kisasa hadi Nkuhungu kutafuta chumba cha kupanga. "Masta ipo, bosi, Luku yako mwenyewe!" Unafika, choo hakina mlango. Hela ya kuonyeshwa imeshaliwa. Ukikichukua chumba, anadai na kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Hata hivyo, tukubali, hajalisaliti neno: kazi yake ni kuonyesha tu. Kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, mwambie akuonyeshe na mwenye nyumba.