Paa la Mkunazini

Wageni wakifika Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini, Unguja, huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Mimi ni fundi mwashi. Macho yangu hukimbilia paa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Krismasi mwaka 1873, pale palipokuwa soko la watumwa. Askofu Edward Steere, aliyesomea sheria, si ujenzi, alisimamia kazi mwenyewe. Paa ni zege la saruji na matumbawe yaliyopondwa, limepinda kama pipa lililopasuliwa kwa urefu. Walikuwapo waliodhani litaanguka. Kwangu, kazi ya namna hiyo ni ibada kamili. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare. Paa bado limesimama. Fundi mwenzangu, ukifika Unguja, litazame.